Nilifungia Njugu Rasimu Zangu, Ndugu Yangu Akachukua Hadithi

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja na ninauza njugu karanga karibu na soko la Kitale. Shule niliiacha darasa la saba. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla ya mahindi kuvunwa... na mimi ndiye kifungua mimba. Nyuma yangu walikuwa Barasa na Nanjala. Nani mwingine angewalea?

Sitaki mnihurumie. Nataka mnisikilize.

Sisi wauzaji wa njugu hununua karatasi kuukuu za kufungia kwa kilo: mitihani ya zamani, daftari za wanafunzi, chochote kinachokunjika. Mwaka niliompeleka Barasa chuo cha ualimu huko Bungoma, nilipita dukani nikanunua furushi la karatasi zilizopigwa taipu. Mwenye duka aliniambia zilikuwa za mwalimu mstaafu wa upande wa Mabanga, mtu aliyetunga vitabu kadhaa. Alipozikwa, wanawe walifagia nyumba wakaziuza zote. Hata hawakuzisoma!

Nilianza kuzikunja. Siku ya tatu nikagundua jambo. Ukurasa niliokuwa nimeushika nilikuwa nimeusoma jana yake... lakini haukuwa uleule. Maneno mengine yalikuwa yamekatwa kwa kalamu nyekundu, mengine yameandikwa pembeni. Nikapekua furushi lote. Sura moja ilikuwa imeandikwa mara tano!

Jirani yangu Mama Chebet, ambaye huuza ndizi, hakunipa nafasi. "Nekesa, wewe unauza njugu ama unasoma Biblia?"

Nilipomweleza, alipiga makofi akicheka. "Ati kitu moja mara tano? Huyo mzee alikuwa na shida ya kichwa, bana!"

Hakuwa na shida yoyote. Nilizipanga zile rasimu tano kwenye meza yangu nikaanza shule upya. Katika ya kwanza, mama aliyefiwa na mtoto alilia ukurasa mzima. Katika ya tatu alilia mistari miwili. Katika ya tano hakulia kabisa: alianua sweta ya mtoto kwenye kamba, akaikunja, akaiweka kabatini. Basi. Na hapo mimi ndiye niliyelia, mbele ya wateja!

Mwaka mzima nilisoma alichokikata marehemu na kujiuliza kwa nini alikikata. Kisha nikanunua daftari nikaandika hadithi yangu mwenyewe. Ilihusu msichana aliyemzika mama yake, na asubuhi ya pili akaenda kupalilia shamba la watu huko Endebess kwa sababu wadogo zake walitaka kula. Niliiandika mara sita. Ya sita niliinakili vizuri kwa wino wa bluu.

Na zile tano? Ah, wasomaji wenzangu! Mwuza njugu akiona karatasi iliyokwisha kazi, hufanya nini? Nilizifungia njugu. Rasimu za marehemu nilizitunza kama hati ya shamba, zangu nikazigawa kwa wateja kwa mkono wangu mwenyewe... Nilidhani rasimu za kutunzwa ni za watu wakubwa.

Barasa alikuja likizo akaisoma hadithi. "Dada, hii umetoa wapi?" aliniuliza. Nikagusa kifua changu. Akasema ataipiga chapa chuoni, kisha ataituma kwa jarida moja la hadithi. Nilimpa. Nakala ya pekee! Ningemnyima vipi mtoto niliyembeba mgongoni?

Miezi ilipita. Kila nilipompigia kutoka kibanda cha simu, aliniambia kompyuta za chuo ni nne tu na foleni ni ndefu. Kisha Nanjala akaja mbio sokoni, jarida mkononi. Hadithi yangu ilikuwa humo. Juu yake palikuwa na jina la Barasa, na picha yake akiwa amevaa tai.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Kila neno lilikuwa langu... isipokuwa mahali pamoja. Pale kaburini, ambapo msichana wangu aliinama tu akafunga kamba ya kiatu cha mdogo wake, Barasa alikuwa ameongeza aya nzima ya machozi. Aliniibia, na bado akaharibu!

Siku iliyofuata nilikuwa Bungoma. Hakukana. "Dada, nani angesoma hadithi ya mtu wa darasa la saba? Jina langu ndilo limefungua mlango." Nilipomwambia nitawaandikia wahariri, alitabasamu. "Na utawaonyesha nini? Si rasimu zote ulifungia watu njugu?"

Niliwaandikia hata hivyo. Walijibu kwa heshima, wakaniuliza swali moja tu: rasimu zako ziko wapi?

Mabaya hayakuishia hapo. Jarida lilimtaka Barasa alete hadithi nyingine. Ndipo baba mdogo akaitisha kikao nyumbani, na Barasa, yuleyule wa tai, akapiga magoti mbele yangu.

"Dada, niandikie moja tu. Tafadhali."

"Damu ni damu," akasema baba mdogo. "Si wewe ndiye ulimlea? Sasa unataka aaibike mbele ya wenzake? Hadithi ni maneno tu, mama."

Maneno tu! Nilisimama. "Baba mdogo, nilimwahidi mama kwamba Barasa atamaliza masomo. Karo nitalipa mpaka mwisho. Lakini jina langu halikuwa sehemu ya karo."

Walisema nina kiburi. Mmoja akauliza mwanamke asiye na mume anataka jina la nini. Nilivaa viatu vyangu nikaenda zangu.

Karo nilimaliza, na leo Barasa ni mwalimu. Hadithi ya pili hakuipeleka. Aliwaambia wahariri masomo yamembana. Jamaa zangu wengi hawanisalimu. Sawa! Ni lini nilibembelezwa mimi?

Wewe unayeandika nyuma ya meza ya nyanya, au jikoni kwa watu, nakusihi usipite nilipopita. Usimkabidhi mtu nakala ya pekee, hata kama mlinyonya ziwa moja. Andika jina na tarehe hata kwenye ukurasa mbovu. Huo mbovu ndio shahidi wako! Mwizi anaweza kubeba hadithi iliyokamilika, lakini hawezi kueleza ilikamilikaje.

Barasa amesikia kwamba ninaandika haya. Amemtuma Nanjala aniombe nisimtaje. Nimemrudisha Nanjala na jibu hili: mimi nimeweka jina langu. Yeye akitaka kunijibu, ukurasa uko wazi, aweke lake... lakini safari hii aandike mwenyewe!