Glavu za Kipa Marzuk

"Sikupi," alisema Turia. "Mwaka huu hutoki nazo."

"Usinichekeshe. Watu wako nje na ngoma."

"Wapige ngoma hadi zipasuke. Glavu hazitoki."

Bushaib aliegemea ukuta wa ua, skafu ya kijani ya timu ya Nahda shingoni, akashusha pumzi kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa mashabiki wa jukwaa la kaskazini. Kila mwaka, siku aliyokufa golikipa wao Marzuk, mashabiki walikuja kwenye nyumba hii kuchukua glavu zake, wakazipeleka uwanjani kwa ngoma na kuzitundika kwenye nyavu za goli mechi nzima. Marzuk alikuwa kaka yake Turia. Pikipiki ilimgonga akitoka mazoezini, na tangu hapo mji wote wa Asfi ulikuwa ukimlilia kana kwamba kila nyumba ndiyo iliyomzaa.

"Unajua kwa nini sitaki," Turia alisema, sauti ameishusha maana mama yake alikuwa jikoni. "Zinaloa. Asubuhi nikifungua kabati nazikuta na tope bichi. Nani anacheza nazo?"

"Unyevu wa bahari, dada. Hata viatu vyangu vinaota ukungu."

"Ukungu hauna majani ya uwanjani."

"Tangu lini umekuwa fakihi wewe?"

Lalla Hniya, mama yake Turia, akatoka jikoni mikono imejaa unga wa kuskusi. Bushaib akainama akambusu kichwani. Mama mzazi wa Bushaib alikufa siku ya kujifungua, na Hniya, ambaye alikuwa na Marzuk mchanga, alimchukua yule yatima akamnyonyesha pamoja na wake. Kwa hiyo hakuwa jirani tu. Alikuwa mwana wa nyumba kwa ziwa, na Turia hakujifunika mbele yake.

"Mpe kaka yako," mama alisema.

"Mama, nisikilize kwanza."

"Nimekusikia tangu juzi." Alizitoa glavu kabatini mwenyewe, akazibusu moja moja, akaziweka mikononi mwa Bushaib, na kusema kama alivyosema kila mwaka, "Nenda nazo kwa radhi yangu, mwanangu."

Bushaib alizipokea bila kumtazama usoni. Turia aliliona hilo.

Ngoma zilipopotea mtaani, Turia alifunga ushungi akaenda nyuma ya tanuu za wafinyanzi kumwita Dawiya, mwanamke wa Kignawa, wale wanaotoa majini kwa ngoma. Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia Bushaib. Tangu mwaka jana, kila jua linapozama, mtu alikuwa akipiga makofi mawili nje ya mlango wao, makofi mazito ya mikono iliyovaa glavu, kama alivyopiga Marzuk kabla ya penalti, kisha harufu ya nyasi zilizolowa na dawa ya kuchulia misuli ilipenya chini ya mlango, ikajaa ua hadi mkate ukawa na ladha yake, na sauti ya Marzuk, ile ile, yenye mafua kidogo, ikasema, "Mama, nikaribishe." Mama yake alikaa upande wa pili wa mlango, shavu kwenye ubao, akimsimulia habari za siku. Alikuwa amekonda hadi pete ilimchomoka kidoleni. Hakuwa amefungua kwa sababu funguo Turia alilala nazo kifuani.

Dawiya alikuja na chetezo chake. Hakuuliza kitu. Aliingiza kichwa ndani ya kabati, akanusa, akatoka amekunja uso.

"Huyu si maiti," alisema polepole. "Maiti habembelezi mlangoni. Kuna mtu amefungisha jini kwenye glavu za mwanao, Lalla Hniya, alinde goli. Na jini halindi bure. Ameahidiwa nyumba."

"Nyumba ipi?" aliuliza mama.

"Unaijua."

"Nani wa kuiahidi nyumba yangu? Mgeni anaweza?"

"Mgeni hawezi. Mwana wa nyumba ndiye anaweza. Mwana wa kuzaa, au wa ziwa."

Mama alikaa chini pale pale kwenye vigae. Turia alitaka kumshika, mama akamwekea kiganja kumzuia. "Basi maneno yangu yote yale," mama alisema, "nilikuwa namsimulia nani?"

Dawiya alichutama mbele yake.

"Na wewe umemsaidia bila kujua," Dawiya aliongeza kwa huruma. "Kila mwaka unampa glavu kwa radhi yako. Jini huchukua radhi ya mama kama sahihi. Lakini bado hajaingia. Hajasikia neno la kumkaribisha."

Kabla ya magharibi Bushaib alirudi, sauti imekauka kwa kuimba. Nahda ilikuwa imeshinda, na nyavu za nyumbani hazikutikisika, kama zilivyokuwa hazijatikisika msimu wote. Alimwona Dawiya, akaona chetezo, tabasamu likamwisha.

"Mwanangu," mama alimwambia, "uliahidi nini?"

"Mama, hawa watu wanakudanganya."

"Nimekuuliza mimi, si wao."

Alizungusha glavu mikononi. Maji meusi yalidondoka kwenye vigae, ingawa mvua haikuwa imenyesha. "Tulikuwa tunashuka daraja," alisema hatimaye. "Jukwaa zima linalia jina la Marzuk, kisha tunafungwa matatu. Nikaenda kwa mzee mmoja mganga, akaniambia, sema tu jini atapumzika wapi baada ya mechi. Nikasema, alikotoka mwenye glavu. Nilidhani ni maneno."

"Ulikuwa ukinyonya unanitazama machoni," mama alisema. "Marzuk alikuwa akilala. Wewe ulikuwa unanitazama."

Bushaib alilia. Turia, ambaye alikuwa amejiandaa kumtukana, alimpa upindo wa ushungi wake ajifute.

"Machozi baadaye, jua linazama," alisema Dawiya. "Sikiliza. Utatoka nje, sisi tutafunga. Utaziweka glavu kizingitini useme kwa mdomo wako, nimekutoa hapa, nifuate kwangu. Uende bila kugeuka. Nitakuja kwako usiku huu huu na ngoma zangu nimtoe."

"Kwangu? Mke wangu amejifungua juzi."

"Ulipoiahidi nyumba hii hukuuliza nani yumo."

"Na nikikosea maneno?"

"Ukimfukuza, mimi nitamaliza. Mwana wa nyumba akimkaribisha, basi. Sitamtoa mimi, hatamtoa mtu."

Bushaib aliapa kwa ziwa alilonyonya kwamba atayasema maneno kama yalivyo. Aliubusu mkono wa mama, mbele na nyuma, na mama, pamoja na yote, akamshika kichwa kidogo kabla ya kumwachia. Turia akafungua, akamtoa, akafunga, akazungusha ufunguo, akasimama na sikio kwenye ubao. Dawiya alirusha ubani kwenye makaa. Adhana ilianza na ikaisha, na baada yake mtaa ukanyamaza kwa namna ambayo Turia hakuwahi kuisikia, hakuna paka, hakuna redio ya jirani, ila pumzi za Bushaib upande wa pili, karibu kabisa, na kisha makofi mawili mazito ambayo hayakutoka kwenye mikono yake, na harufu ya nyasi ikaja kwa nguvu hadi macho yakamtoka machozi, na chini ya mlango maji meusi yakaanza kuchungulia, yakasimama, kama yanasubiri kuambiwa, na mama yake akamkamata bega akinong'ona, sema, mwanangu, sema, huku sauti yenye mafua ikiuliza nje, taratibu na kwa adabu, "Twende wapi?"

 Bushaib alijibu kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

"Ingia humu humu. Mama huyu hamfukuzi mtu, hata mimi alinipokea."