Najaribujaribu Tu

Kila siku akitoka shuleni, Adila hupitia soko la samaki kumsaidia mama yake. Huvua viatu asivijaze magamba, hujifunga kanga juu ya sare, kisha huketi kuparua samaki huku mama yake, Zuhura, akikaanga. Wakaangaji ni wengi pale Bagamoyo, lakini wanunuzi wanamjua wanayemtaka. Wengine hutoka mbali, Miono na Lugoba, na wakifika, huuliza kwanza kama Zuhura yupo.

Tatizo lilikuwa moshi. Kwa miaka mingi Zuhura alikuwa ameinamia karai juu ya moto wa kuni, na sasa kifua kilianza kumsumbua. Alikohoa akiwasha moto, akakohoa akigeuza samaki. Daktari hakumficha. Alimwambia kwamba akiendelea kuvuta moshi ule, kifua chake kitaharibika kabisa, kwa hiyo atafute kazi nyingine. Adila aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake, na tangu siku hiyo moyo wake haukutulia.

Ndipo Shuaibu, jirani yao anayetunza bustani katika hoteli moja ya ufukweni, alipoleta habari njema.

"Mama Adila, jikoni kwetu wanatafuta mpishi wa samaki. Wanatumia gesi, moshi hakuna. Nenda Jumamosi ukaonane na Mama Gertruda, ndiye mkuu wa jiko."

Jumamosi mama na binti walikwenda. Mama Gertruda alikuwa mtu wa bara, kutoka mji wa Moshi, mwenye umri mkubwa kidogo kuliko Zuhura, na hakupenda kupoteza muda. Baada ya salamu aliuliza moja kwa moja:

"Unajua kupika samaki?"

"Mh, najaribujaribu tu," Zuhura akajibu, macho chini.

"Na vyakula vingine vya pwani?"

"Siwezi kusema najua, dada. Wapo wanaonishinda."

Adila alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu wa Bagamoyo angetabasamu na kuelewa kwamba hapa amekutana na fundi, maana huku kwetu fundi hajisifu, husubiri wenzake wamsifu. Lakini Mama Gertruda alikuwa na miezi michache tu Bagamoyo. Alishukuru, akasema watampigia simu.

Simu haikupigwa. Shuaibu ndiye aliyeleta jibu, akishika kichwa.

"Wanasema hujui kupika! Eti umesema mwenyewe! Na mpaka leo hawajapata mtu."

Zuhura alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. Adila hakucheka. Aliona wazi kwamba mama yake angerudi kwenye moshi ule ule, na akaazimia kwamba haitakuwa hivyo.

"Turudi, Mama," alisema jioni ile. "Safari hii useme ulikuwa mpishi wa hoteli kubwa Unguja."

"Hoteli gani?"

"Yoyote!"

"Na wakiuliza jina la bosi wangu, nitamtaja nani, wewe?" Zuhura alimtazama kwa ukali. "Siwezi kuingia kazini kwa uongo, mwanangu."

Basi Adila akabadili mbinu. Kila jioni, mama akisugua karai, yeye alijifanya Mama Gertruda, mikono kiunoni, akauliza, "Unajua kupika samaki?" Na kila jioni alijibiwa vilevile: "Najaribujaribu tu." Neno "najua" lilikwama kooni mwa Zuhura kama mwiba wa samaki. Adila nusura alie kwa hasira.

"Haya, usiseme unajua!" alifoka. "Niambie tu leo umefanya nini tangu asubuhi."

"Leo? Nimenunua changu mnadani. Nimewafunua mashavu nione wekundu, maana aliyepauka simchukui. Nimewachanja, nikawatia chumvi, ndimu na kitunguu saumu. Mafuta yalipopata moto sawasawa nikawatia wachache wachache, wakiwa wengi wanapoza mafuta na nyama inavurugika..."

Zuhura aliendelea mpaka karai likang'aa. Adila alikuwa amesimama, mdomo wazi.

"Mama! Hapo umejisifu?"

"Nimejisifu nini? Nimesema nilichofanya."

"Basi kaseme hivyo hivyo."

Jumamosi iliyofuata walirudi. Zuhura alisimama wima mlangoni mwa jiko.

"Shikamoo, dada. Nimekuja kuomba uniulize tena."

"Marahaba." Mama Gertruda alishangaa. "Nikuulize tena? Haya. Unajua kupika samaki?"

"Naja..." Zuhura akajizuia, akavuta pumzi. Kisha akaeleza kazi yake yote, kuanzia mnadani hadi karaini. Akasema pia kwamba jiko la gesi hajawahi kuligusa, angehitaji kufundishwa, na kwamba daktari amemkataza moshi wa kuni.

Mama Gertruda alimpa aproni na kolekole mbichi, akamwonyesha jinsi ya kuwasha jiko. Samaki alipoiva, alionja kipande, akaonja kingine, kisha akampa mhudumu apeleke samaki mezani kwa wageni. Muda si mrefu mhudumu akarudi mbio.

"Wageni wanauliza nani kampika huyu samaki."

Jiko lote likamgeukia Zuhura.

"Nimempika mimi," Zuhura alisema, wala hakuongeza kitu.

Mama Gertruda akaangua kicheko. "Njoo Jumatatu, tuanze na miezi ya majaribio. Lakini ujue, siku ile ulinidanganya."

"Mimi? Nilikudanganya?" Zuhura alishtuka. "Huyu mwanangu ndiye aliyetaka niseme nilipika Unguja, nikamkatalia!"

Adila aliona haya, akatazama vidole vyake vya miguu.

"Basi mnalingana," alisema Mama Gertruda. "Binti alitaka kuongeza, mama akapunguza, na mimi ninayetafuta mfanyakazi ningekosa ukweli kwenu nyote wawili. Anayeongeza anaajiriwa kwa kazi asiyoiweza. Anayepunguza anaikosa kazi anayoiweza, na kuendelea kuumwa kifua bure. Adila, siku yako ya kuomba kazi itafika. Ukiulizwa, sema ulichofanya na usichokijua, kama kilivyo. Hayo si majivuno, mwanangu. Huo ndio uaminifu."