Leso Kwenye Usukani

Ijumaa ile haikuanza na ubaya wowote. Selipher aliamka alfajiri, akapiga deki sebule zote mbili, akapika, akaosha vyombo, akakunja nguo za watoto wa madam, na yote hayo akiwa na Joy mgongoni, kwa sababu Joy alikuwa na miezi saba na akiwekwa chini alilia, na akilia baba mwenye nyumba hawezi kulala, na baba asipolala madam alianza kuuliza kama kweli ilikuwa busara kumruhusu mfanyakazi akae na mtoto. Hilo ndilo lililomchosha kuliko deki. Mtoto wake aliishi Riyadh kwa hisani ya watu, na nguo ya kuazima haisitiri makalio.

Saa za adhuhuri, nyumba nzima ya pale mtaa wa Sulimaniyah ikiwa imelala, mume wake Elkanah, aliyekuwa dereva wa familia hiyohiyo, akaingia getini akisukuma baiskeli.

Ilikuwa baiskeli ya mashindano ya zamani, ya chuma, fremu nyembamba kama miguu ya korongo, usukani umejipinda kama pembe za kondoo dume. Kutu ilikuwa imeila hadi unaionea huruma. Alisema ameipata mtaa wa Shumaisi kwa mzee mmoja wa vyuma chakavu. Mzee alikuwa amemuuliza swali moja tu, kama ana mtoto, na Elkanah aliposema anaye, msichana, mzee akaangalia pembeni, akamwambia yalla, halas, yaani haya basi, ichukue uende.

"Chuma kama hiki hakitengenezwi tena," Elkanah akasema. "Ukikigonga kinalia kama kengele."

"Na ukikikalia kinalia kama wewe," Selipher akamjibu.

Elkanah akacheka. Ilikuwa miezi tangu acheke. Kabla ya Saudia alikuwa boda wa baiskeli mpakani Busia, miaka sita akivusha watu na magunia kwenda Uganda, anapiga domo na kila abiria, hadi pikipiki zilipowafukuza barabarani. Sasa alishinda akiendesha gari la watu wasiomsemesha. Kwa hiyo Selipher hakumnyima. Mtu akipata kitu cha kumrudisha kwake mwenyewe, umwache nacho.

Wiki tatu, kila adhuhuri, badala ya kulala alikuwa chini ya kivuli cha ukuta na spana zake. Alifungua kila nati. Akaloweka cheni kwenye mafuta ya taa, akasugua kutu kwa msasa, akabadilisha nyaya za breki na gololi za ekseli, akapaka grisi mpya. Rimu za zamani alizitupa akaweka za alumini, na nyuma, palipokuwa na gia tano, akataka saba, ikabidi aitanue fremu kidogo kwa ubao, taratibu, ulimi nje, kama anamtoa mtu mwiba. Ukabaki usukani.

Usukani ulikuwa umezungushiwa kitambaa kilichopakwa vanishi hadi kikawa kigumu kama gome la mti. Alipokibandua, chini yake kulikuwa na kingine. Chini ya hicho, kingine tena. Cha juu kilikuwa na bata wadogo wa njano. Cha pili kilikuwa na nyota. Cha tatu, kilichogusa chuma, kilikuwa cheupe kilichofifia, chenye ukingo uliofumwa kwa mkono. Selipher alivikuta vimerundikwa kwenye gazeti na akawaza, hivi si vitambaa vya watoto hivi? Akawaza hivyo tu. Kisha madam akaita.

Sasa, maboda wa Busia walikuwa na desturi yao. Usukani wa baiskeli hufungwa leso, kwa sababu leso inakunywa jasho na inavutia wateja, na kila boda alimnyang'anya mkewe leso kuukuu. Elkanah alifanya alivyozoea. Aliitoa kwenye kamba ya nguo ile leso nyekundu yenye michoro ya korosho, yenye viraka viwili, ambayo mamake Selipher alimbebea Selipher mwenyewe na ndiyo sasa ilimbeba Joy. Akaona imechakaa, na mke wake ana nyingine mpya. Akaona pia, masikini, kwamba akiendesha huku ameishika atakuwa kama ameshika familia yake. Akaichana vipande vyembamba, akavizungusha kwa ufundi, pande zote mbili, akapaka vanishi mara tatu.

Selipher alipotoka ndani na kuona alikaa kwenye ngazi. Mama alipomkabidhi ile leso alimwambia aivae, aioshe, aitie viraka, lakini asiikate mtoto angali anabebwa. Elkanah hakuwahi kuambiwa hilo. Nani angefikiria kumwambia? Na sasa yeye amesimama pale na mikono ya vanishi, uso unang'aa kama wa mvulana, na Selipher miguu inamuuma na chakula cha jioni bado.

"Imependeza," akasema.

Kesho yake alipombeba Joy kwa leso mpya, ikalegea. Akaifunga tena, ikalegea tena. Akiwa kwenye sinki alihisi mgongo mwepesi ghafla, akageuza shingo haraka. Joy alikuwa palepale. Macho wazi, vidole mdomoni.

Elkanah naye alirudi kutoka safari yake ya kwanza akiwa ameloa jasho, amenuna. Gia saba, anasema, na bado nzito. Akaining'iniza, akazungusha gurudumu, likazunguka bila kugusa breki, laini kama maji. Akaipanda tena, nzito. Siku ya nne alikaa kitandani akavua viatu polepole.

"Nimebeba watu miaka sita, Seli. Mtu akikaa nyuma yangu najua."

"Hiyo baiskeli haina kiti cha nyuma."

"Najua haina." Akamtazama Joy aliyelala, kisha akanong'ona. "Ni mdogo. Aliyekaa ni mdogo."

Kliniki, mwezi uliopita, Joy alikuwa na kilo nane. Sasa mshale ukasimama kwenye sita. Nesi akamminya mashavu, akatazama mikunjo ya mapaja, akampima tena. Wiki iliyofuata, nne na nusu. Na Joy hakuwa amekonda hata kidogo, yaani mashavu yaleyale, tumbo lilelile, ananyonya na kutema maziwa kama mtoto yeyote aliyeshiba. Nesi akaandika kwamba mizani ikaguliwe.

Kisha zikaja zile adhuhuri. Selipher amelala, Elkanah amelala kando yake anakoroma, na nje kwenye kivuli inasikika sauti ya gurudumu la nyuma likizunguka lenyewe. Tiki, tiki, tiki. Akachungulia dirishani. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, gurudumu limetulia, upepo hakuna. Akarudi kitandani. Miguu ya Joy ilikuwa inakwenda. Wa kushoto, wa kulia. Polepole, kama mtu anayepanda mlima.

Likizo ya shule ilipofika madam akasema wanaruka kwenda Jeddah kwa mamake, wiki mbili, Selipher aje na mtoto, Elkanah abaki na baba. Selipher alishukuru kimoyomoyo. Kilomita karibu elfu moja kati ya Joy na kile chuma. Siku ya kwanza Jeddah alimlaza Joy kwenye mto ili afungue sanduku.

Mto haukubonyea.

Alimfunga kwa leso mbili, moja juu ya nyingine, akaomba ruhusa ya saa moja, akaenda mtaa wa Sharafiya kutafuta ya tatu. Pale kulikuwa na fundi cherehani anayeitwa Samia, ukoo wake wa Unguja, mwenyewe amezaliwa palepale Jeddah, mtu wa utani sana na Wakenya. Alipoona mtoto amefungwa leso mbili na mama anaulizia nyingine, akaanza.

"Leso tatu, dada? Kwenu mnabeba watoto au mnafunga magunia?"

Selipher alifungua mdomo amjibu utani akashindwa. Ikamtoka habari yote kwa mkupuo, usukani, vanishi, mizani, mto, hata pumzi hakuvuta. Samia akaweka mkasi chini. Akasema alete mtoto amshike. Akampokea kwa mikono miwili, na ile mikono ikaruka juu, juu kuliko alivyokusudia, kama mtu aliyenyanyua mtungi akidhani una maji.

Hakuna aliyecheka.

"Mbeleko haikatwi mtoto yu mgongoni," Samia akasema kwa sauti ya chini. "Mbeleko ndiyo inayomjua mtoto. Nyinyi mmempa nani ambebe?"

Selipher alimpigia Elkanah papo hapo, akamwambia avifungue vile vipande vya leso leo, vyote. Elkanah akasema sawa. Jioni akatuma ujumbe kwamba ameshafungua. Selipher akalala kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, usingizi mzito wa mtu aliyechoka hadi mifupa.

Asubuhi Joy alikuwa mwepesi zaidi.

Alivumilia hadi adhuhuri, nyumba ilipolala. Alikaa sakafuni jikoni, Joy mapajani, mkono mmoja umemzunguka, mwingine umeshika simu.

"Elkanah. Umefungua?"

"Si nilikuambia?"

"Iko mbele yako?"

"Nilishindwa," Elkanah akasema. "Nimeitengeneza kwa mikono yangu, Seli. Ni kitu kimoja tu nilicho nacho huku."

Selipher hakuwa na nguvu za kugombana. "Nimempakata," akasema, "na lazima nimtazame ndiyo nijue yupo."

Akasikia spana zikianguka. Akasikia Elkanah akiweka simu chini, kwenye saruji. Kisha kisu. Vanishi ikipasuka. Kitambaa kikizungushwa kuachia chuma, mzunguko baada ya mzunguko.

Joy akatulia mapajani. Uzito kidogo, kama paka. Mzunguko mwingine. Kichwa kikalemea kwenye kiwiko cha Selipher. Mzunguko mwingine. Paja likaanza kufa ganzi, na Selipher akalia bila sauti kwa sababu ilikuwa ganzi nzuri.

"Upande wa kushoto tayari," Elkanah akasema kwa mbali.

Wa kulia ukaanza. Nusu. Robo tatu.

Ukasimama.

"Seli."

"Endelea."

"Kimekaza."

"Vuta."

"Navuta." Pumzi zake zilikuwa fupi. "Kinavutwa."

Selipher hakuuliza kinavutwa na nani. Joy alikuwa ameinua macho, anatazama juu ya bega la mamake, kimya, kama mtoto anayetazama mtoto mwenzake.

"Kata," Selipher akanong'ona.

Kisu. Mara moja. Kisha tiki-tiki-tiki, kwa kasi, kama baiskeli inayoteremka mlima bila breki. Elkanah alipiga kelele kitu ambacho hakikusikika vizuri, na simu ikakatika.

Tiki-tiki ikaendelea. Pale jikoni. Kisha ikanyamaza.

Siku hiyohiyo Elkanah aliirudisha baiskeli Shumaisi. Geti la mzee lilikuwa limefungwa, akaiegemeza hapo akaondoka bila kugeuka nyuma. Vile vipande akampa Titus, Mkenya wa malori aliyekuwa anashuka Jeddah. Samia akavilowesha hadi vanishi ikaachia, akavipanga mezani, na Selipher akavishona kimoja kimoja hadi leso ikarudi kuwa leso, ngumu, yenye makovu. Pembeni palipungua. Upana wa kiganja cha mtoto, si zaidi. Samia alitafuta chini ya meza, ndani ya mfuko, kila mahali. Mwishowe wakaacha.

Joy alikula, alicheka, alivuta nywele. Lakini Selipher alitaka kuona kwa macho, ndiyo wakaenda kliniki moja hapo karibu, yeye na Samia, asubuhi, jua kali, watu wamejaa kwenye viti. Nesi akamlaza Joy kwenye mizani. Mshale ukapanda, ukapita nne, ukapita sita, ukasimama kwenye nane na kidogo. Samia akasema alhamdulillahi. Selipher akajifuta macho kwa mkono.

Nesi akamnyanyua Joy, akampa Samia.

Mshale ukashuka. Ukafika kwenye nne. Ukasimama hapo.

Nesi akaigonga mizani kwa kidole. Mshale ukatikisika, ukarudi kwenye nne. Akazungusha kile kidude cha kuuweka sawa, mshale haukusogea. Ulikuwa unapanda kidogo na kushuka kidogo, taratibu, kama kifua cha anayelala. Joy mikononi mwa Samia aliitazama mizani tupu, akanyoosha mkono kuielekea, akacheka.

Samia akarudi nyuma hatua moja. Selipher hakurudi. Alikuwa amechoka, na kazi hii aliijua. Mtoto wa kitambaa cha bata, wa kitambaa cha nyota, wa kile cha ukingo uliofumwa kwa mkono, mmoja wao, sijui yupi. Akaitoa ile leso ya makovu begani. Akaipa mizani mgongo, akainama, kama mama yeyote anavyoinama kupokea mtoto, akaipitisha leso nyuma, akaifunga kifuani.

Fundo likakaza.

"Halas," nesi akasema nyuma yake, kwa furaha. "Imerudi kwenye sufuri."