Sabuni Iliyomchubua Mama

Kila Jumamosi asubuhi Ottilia aliosha vyombo ziwani, akaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, kisha akatumwa dukani. Jumamosi moja mama yake alimwambia, "Nenda kwa Mzee Dunstan ukaninunulie sabuni ya kuogea. Usinunue kwingine."

Miaka hiyo biashara na nchi za nje ilikuwa imefunguliwa, na hata pale Mbamba Bay bidhaa ngeni zilikuwa tele. Duka la Mzee Dunstan lilikuwa mbali, karibu na kanisa. Njiani Ottilia aliwakuta wenzake wakicheza rede, naye akaingia mchezoni. Aliposhtuka, jua lilikuwa kali. Basi akanunua sabuni kwa Urbani, mchuuzi aliyetandaza bidhaa zake kando ya uwanja.

"Hii inang'arisha ngozi," Urbani alimwambia. "Mama atakushukuru."

Nyumbani, mama aliigeuzageuza sabuni ile. "Mzee Dunstan siku hizi anauza za namna hii?"

"Ndiyo, mama," Ottilia alijibu haraka.

Haukupita mwezi, uso wa mama ukaanza kuwasha, kisha ukachubuka. Kwenye zahanati, mganga aliitazama ile sabuni akatikisa kichwa. "Ina zebaki. Hii ni sumu, mama. Iache leo hii."

Baba yake Ottilia, Izidori, alipandwa na hasira. Alimshtaki Mzee Dunstan kwenye baraza la kata. Habari zilienea, wateja wakaacha kwenda kwake. Siku moja Ottilia alipita dukani akamkuta mzee ameketi peke yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu," aliitikia kwa upole uleule wa siku zote.

Jioni hiyo Ottilia aliusogeza ugali kando.

Siku ya shauri, Mzee Dunstan aliapa kwamba hajawahi kuuza sabuni ile.

"Mtoto mwenyewe nilimtuma kwako!" alisema mama.

Mama Violet, mwenyekiti wa baraza, alimgeukia Ottilia. "Mwanangu, sabuni hii uliinunua wapi?"

Ottilia alisimama. Alimtazama mama, uso umepakwa dawa, akamtazama na Mzee Dunstan. "Niliinunua kwa Urbani, kule uwanjani. Nilichelewa kwa kucheza, nikaogopa kusema." Kisha akaangua kilio.

Urbani aliitwa. Kwanza alikana, lakini bwana afya alipofungua mizigo yake, alikuta katoni mbili za sabuni ileile.

"Nilisikia kwamba ni kali," Urbani alikiri, macho chini, "ila zilikuwa zinatoka sana."

Hapohapo wakapatana. Urbani atamlipia mama matibabu mpaka apone, atamkabidhi bwana afya katoni zote, na atapita kuwaonya wote aliowauzia. Baba alimshika Mzee Dunstan mikono miwili, akamwomba radhi. Ottilia akapiga magoti.

"Nisamehe, babu."

"Inuka, mjukuu wangu. Yamekwisha."

Ottilia alihisi kama ametuliwa mzigo wa kuni kichwani. Mama Violet akamwambia, "Ulidanganya neno moja tu, mwanangu, na mtu asiye na kosa akaaibika huku sumu ikiendelea kuuzwa. Leo umesema kweli, na wengi watanusurika. Ukikosea, sema mapema. Nanyi watu wazima, kitu msichokijua msikipake mwilini kwa sababu tu mmeambiwa kinang'arisha ngozi."

"Twendeni nyumbani," alisema mama. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, akacheka, ingawa uso bado ulimuuma.