Kofia ya Kinyozi

Walikutana sokoni siku ya msongamano. Kinyozi alisimama mbele ya meza ya binti mshona kofia, akajaribu karibu zote, na zote zikagoma kushuka.

"Kaka, hicho kichwa au tikiti?"

"Kichwa, dada. Kimekosa tu mtu wa kukipima."

Binti akakizungushia uzi, akachukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka. Tangu hapo simu haikumbanduka sikioni. Kinyozi alikuwa na sauti laini na kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka, na alipoomba ruhusa ya kutuma wazee walete posa, binti alicheka tu. Jibu alilidarizi: kofia nyeupe, vitobo vyake vimezungushiwa uzi wa rangi ya maziwa, na pembeni ua dogo ambalo hakuwahi kumshonea mtu.

"Ukiivaa Ijumaa msikitini, basi walete," alimwambia.

Ijumaa swala ilipokwisha, binti aliliona ua lake likipita barabarani. Lilikuwa kichwani kwa muuza nyanya!

Akafunga meza, akazima simu, akaenda kwa shangazi yake aliyemlea, ambaye alikwishanunua kitambaa cha mapazia mapya ya kuwapokelea wazee wa posa.

"Wasije, shangazi. Mtu anayegawa mapenzi yangu kama karanga simtaki."

Alinuna siku nzima, na iliyofuata pia, mpaka shangazi akamtilia simu yake mkononi. "Ongea naye. Kanipigia mpaka chaji inakwisha."

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Usiniite mpenzi. Kaongee na muuza nyanya uliyempa kofia yangu!"

"Kumbe anayo yeye?" Kinyozi alipiga ukelele wa furaha. "Nakuja!"

Alifika akihema, amevaa kofia iliyomfunika masikio.

"Yako niliitundika nikitawadha. Niliporudi, kwenye msumari nikakuta hii. Nimezunguka misikiti nikikodolea watu vichwa, mpaka imamu kaniuliza kama mimi ni mzima."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya, mpenzi. Ulinipa jibu lako, nami nikaliacha msumarini. Nilipojikaza kukupigia, simu umezima."

Hapo binti akakumbuka alichokiona barabarani: kofia imekaa utosini kwa muuza nyanya kama kifuniko cha birika. Yeye, anayejua vichwa kwa kutupa jicho tu, hasira zilimpofusha! Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mapenzi yote yakamrudia.

Wakaenda sokoni, shangazi nyuma yao. Muuza nyanya alibadilishana haraka. "Chukua, ndugu yangu! Imenibana mpaka naota nimekabwa!"

Kinyozi akaivaa. Ilikaa sawasawa.

"Haya, nimeivaa. Ila leo si Ijumaa."

Binti akamrekebishia ua likae pembeni, vidole vikachelewa kidogo sikioni.

"Walete hata leo," akasema.

"Leo hapana!" shangazi akadakia. "Mapazia sijashona."