Droo ya Chini

Mwaka ule wa tisini na saba shirika moja la misaada lilifunga virago Garissa, likaacha nyuma uwanja mzima wa mbao. Meza zilizopinda miguu, viti vilivyong'oka migongo, ngazi, madawati, vyote vilitupwa juani karibu na soko, na dalali mmoja wa kutoka Thika akapanda juu ya pipa kuvinadi. Watu walifurika. Mtu wa Garissa akisikia kitu kinanadiwa atakuja tu, hata kama nyumbani kwake hakuna pa kukiweka.

Barwaqo alikuja kwa sababu ya panya. Alikuwa mtunga shanga na mdarizi wa foronya za maharusi, na mali yake yote ilikaa kwenye magunia sakafuni, ndani ya chumba chake kule Bulla Iftin. Panya walikata nyuzi, shanga nyekundu zikamwagikia nyeusi, na kila asubuhi alichambua upya alichokwisha kuchambua jana. Siku hiyo alivaa diraa ya zambarau na mtandio wa manjano. Wanawake waliomjua walimtazama mara mbili, maana walikuwa wamemzoea katika nguo nyeupe za eda.

Aliliona kabati la dawa: refu, rangi ya maziwa iliyobanduka, lenye droo ndogo ndogo kutoka juu hadi chini. Akaweka mkono juu yake. Mkono mwingine, mkubwa, wenye kovu kwenye kidole gumba, ukatua kando ya wake.

"Wewe dalali!" alipiga kelele kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Bigia mimi hii kabati! Mimi nafika kwanza!"

"Kufika si kununua," alisema mwenye mkono kwa Kisomali, akicheka.

Alikuwa kijana mrefu, kikoi cha bluu, koti kuukuu la suti, penseli nyuma ya sikio. Walishindana kupandisha bei mpaka dalali akaanza kusugua viganja. Ghafla kijana akashusha mkono.

"Mbona umeacha?" Barwaqo alimuuliza, karibu kwa hasira.

"Uliuma mdomo. Mtu akiuma mdomo kwa ajili ya kabati, kabati ni lake."

"Na wewe ulilitakia nini?"

"Mbao. Ningelivunja leo leo."

"Uvunje hili? Huna huruma wewe."

"Ninayo, abaayo, dada yangu. Ndiyo imenikosesha mbao."

Jina lake Awil. Kazi yake ilikuwa kununua samani kuukuu za ofisi, kuzifufua na kuziuza. Alilifunga kabati kwenye mkokoteni wake na kulisukuma mwenyewe mpaka Bulla Iftin, Barwaqo akitembea upande wa pili wa njia, kama watu wasiojuana. Lakini mapenzi ni kikohozi. Kufika nyumbani, jirani zake walikuwa wamekwisha kuambiana.

Kwa wiki kadhaa Awil alikuja mchana, mlango ukiachwa wazi na jirani mmoja akisuka mkeka kibarazani, ili asiwepo wa kusema neno. Alilainisha droo moja moja. Barwaqo alizijaza: shanga nyekundu juu, nyeusi chini yake, kisha nyeupe, kisha sindano na vifungo. Ngazi mbovu waliilaza ukutani, kila kidato kikapokea nyuzi za rangi yake. Dawati la shule likawa meza ya kukatia vitambaa, na mahali pa wino pakakaa mkasi. Sahara, binti wa Barwaqo aliyekuwa aking'oka meno ya mbele, alizunguka akifungua na kufunga kila kitu.

Droo ya chini tu ndiyo iligoma.

"Imevimba," alisema Awil, akiigonga. "Nitakuja kuipiga randa."

"Ulisema hivyo juzi."

"Na kesho nitasema tena."

"Fundi gani wewe, droo moja inakushinda?"

Awil alishusha sauti. "Nikiifungua hii, qalbi, moyo wangu, nitarudi hapa kwa sababu gani?"

Barwaqo aliinamia shanga zake ili jirani asimwone akitabasamu.

"Nataka hiyo iwe yangu," Sahara alidai, akiipiga teke droo. "Ya vitu vyangu."

"Itakuwa yako," Awil alimwahidi. "Ngoja tu."

Siku asizokuja alipiga simu. Kerrow, mwenye duka la pembeni, ndiye aliyekuwa na simu mtaani, na ikilia alitoka nje na kuita jina lako mpaka mbuzi wakageuka.

"Barwaqo! Fundi wa kabati anakutaka!"

"Hallo?"

"Umekula?"

"Umepiga simu kuniuliza chakula?"

"Nimepiga nisikie ukinigombeza. Siku haijaenda vizuri."

"Basi wewe ni mpumbavu, Awil. Imeenda vizuri sasa?"

"Alhamdulillahi. Imenyooka."

Furaha hiyo ilikuwa na deni lake. Salah, mume wa Barwaqo, alipigwa risasi na majambazi kwenye barabara ya Wajir, akiwa juu ya lori la ng'ombe. Eda ilikuwa imekwisha, na kwa desturi ya watu wao nduguye marehemu ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumwoa mjane. Dumaal, ndivyo inavyoitwa. Mursal, mdogo wa Salah, alikuwa Bura na mke wake, akingoja jibu. Mjane anaweza kukataa. Lakini akikataa na kuolewa nje, mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Barwaqo alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na kila alipolikumbuka alitunga shanga kwa haraka zaidi.

Kilichomponza ni kitanda.

Kilisimama pembeni mwa chumba, ubao wake wa kichwani umechongwa maua na fundi wa Lamu. Salah alikinunua mwaka walipooana. Tangu afe, Barwaqo hakuweza kukilalia. Alilala mkekani na binti yake, akikipa mgongo. Siku moja mvua za kwanza zilipoanza, maji yalipita chini ya mlango na kulowesha foronya za bibi harusi mmoja. Barwaqo aliitazama ile mbao nzuri, kavu, iliyoinuka juu ya ardhi.

"Awil, kata hicho kitanda. Nifanyie rafu."

"Cha nani?"

"Kitanda kuukuu tu. Kata."

Awil akakata. Ubao wa kichwani aliupigilia ukutani, akachomeka vigingi katikati ya yale maua, na nyuzi za hariri zikaning'inia hapo, kijani na dhahabu. Ilikuwa rafu nzuri kuliko vyote alivyomtengenezea. Alikuwa bado na nyundo mkononi pale mlango ulipotiwa kivuli na watu wawili waliotoka Bura kuja kusikiliza jibu: Mursal, na nyuma yake Osob, mama yake Mursal na marehemu Salah.

Osob hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akayapapasa yale maua kwa vidole vyake vikavu.

"Hiki ni kitanda cha mwanangu," alisema.

Akaushika uzi mmoja wa hariri.

"Mmekikata. Mmekitundikia nyuzi." Akamgeukia Awil. "Na wewe, mtoto wa watu, nani kakupa ruhusa?"

Kwingine kitanda ni mbao na misumari. Lakini kitanda cha marehemu, wazee wakiwa hawajakaa kuamua juu ya mjane wake, ni kama kiti cha mtu aliyetoka kidogo. Mwanamume mgeni akikitia msumeno, amejibu swali kabla halijaulizwa. Damu za ukoo zimemwagika kwa madogo kuliko hayo. Uso wa Awil ukawa majivu. Aliweka nyundo chini polepole, ili Mursal aone mikono yake haina kitu.

"Eeddo, shangazi, sikujua," alimwambia Osob. "Wallahi sikujua."

Osob hakumsikia. Alikuwa amemshika Sahara mkono. "Huyu atakaa na watu wa baba yake mpaka mama yake apate akili."

"Eeddo Osob, tafadhali..." Barwaqo alisihi.

"Nimebakiwa na nini cha Salah? Kitanda mmekata. Nimebakiwa na macho ya mtoto huyu." Na yule mama, aliyeingia kwa hasira, akatoka akilia kwa sauti, mtoto akilia naye, na Mursal akiwafuata kichwa chini.

Awil alibaki katikati ya chumba.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungekikata?"

"Nisingekikata! Ndiyo maana ungeniambia! Ulitaka kumkataa Mursal, Barwaqo, ukaogopa kusema kwa mdomo wako. Ukasema kwa mkono wangu. Umenifanya msumeno."

"Mtoto wangu amechukuliwa, na wewe unalilia mkono wako?"

Lilikuwa neno baya, na Barwaqo alilijua likiwa bado ulimini. Awil alikusanya vifaa vyake, na siku iliyofuata babake akampakia kwenye lori kwenda Griftu, kule Wajir, kwa mamake, akae huko mpaka maneno yapoe.

Kisha mvua ikashuka kama ambavyo wazee hawakuwahi kuona. Tana ikavunja kingo, barabara ya Bura ikawa ziwa, na Garissa ikakaa kama kisiwa bila unga wala sukari. Mbuzi walianza kutupa mimba, ng'ombe wakafa wakitoka damu puani, na baadaye ugonjwa ukawaingia watu. Kila habari iliyotoka upande wa Bura ilikuwa ya mazishi. Barwaqo alisimama kila asubuhi ukingoni mwa maji, kikoi cha Salah kichwani, akimuuliza kila aliyevuka kama amemwona mtoto mwenye pengo la meno. Nyumbani vitu vyote vilikuwa mahali pake, vikavu, kila shanga na rangi yake. Hakuwahi kuchukia kitu kama alivyouchukia utaratibu ule. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami sitajaribu kuusimulia zaidi.

"Barwaqo! Simu! Kutoka Wajir!" Kerrow aliita mara ya kwanza, naye akasema aambiwe hayupo. Mara ya pili alikwenda.

"Ni mimi," alisema Awil. Sauti yake ilikuwa mbali, imejaa mikwaruzo. "Ng'ombe wa mama wameisha wote. Niambie Sahara yuko wapi."

"Sijui. Sijui kama yu hai."

Awil alimtaja Mungu kwa sauti ya chini.

"Nisamehe kwa yale niliyosema," Awil akasema.

"Yalikuwa kweli. Nilikufanya msumeno. Nisamehe wewe."

"Barabara ikikauka nitakuja na wazee. Nitawalipa watu wa Salah haki ya kitanda, nitakuomba kwa heshima, mbele ya watu. Utanikubali?"

Alifumba macho. Nyuma yake Kerrow alijifanya anapanga viberiti.

"Njoo," alisema.

Lakini aliyetangulia kuja ni Mursal. Alitokea mchana, amekonda, tope mpaka kifuani, Sahara amemkalia mabegani. Alikuwa amevuka maji kwa miguu. Mke wake alikuwa amezikwa.

Barwaqo alimpokea mtoto na kukaa naye chini palepale topeni. Alikuwa mwepesi kama kapu. Alimnusa shingoni, akamhesabu vidole kama siku aliyomzaa.

"Mama amekubali nimrudishe," alisema Mursal. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lilikuwa gumu. "Sitakulazimisha uolewe na mimi, Barwaqo. Nimechoka kuzika, sina nguvu ya kumlazimisha mtu. Lakini wazee wamesema: ukiolewa na mwingine, Sahara anarudi Bura. Na safari hiyo harudi."

"Na nisipoolewa kabisa?"

Mursal alijifuta tope usoni. "Basi ni wako. Hakuna atakayekugusa."

"Waambie sitaolewa na wewe," alisema Barwaqo, kwa mdomo wake mwenyewe, akimkumbatia mtoto. "Wala na mwingine."

Awil alifika barabara ilipokauka. Wazee aliwaacha kwa Kerrow wakinywa chai, akatangulia peke yake, koti limefuliwa, udi umeingia mpaka kwenye kola. Jirani alikuwa kibarazani na mkeka wake. Awil alisimama mlangoni akamwona Sahara sakafuni, akicheza na vigae na shanga, na uso wake ukang'aa. Kisha akamtazama Barwaqo, na ule mng'ao ukapungua.

"Randa yako iko wapi?" Barwaqo aliuliza.

"Kwenye mkokoteni. Kwa nini?"

"Nataka uifungue droo ya chini."

Awil hakusogea. Nje punda wa maji alipita akilia.

"Barwaqo, wazee wangu wako pale dukani."

"Najua. Watu wa Bura wamenirudishia mtoto wangu, Awil. Nikikuchukua wewe, wanamchukua yeye."

"Nitangoja. Akue, aolewe, nitangoja."

"Nakupenda," alisema Barwaqo, na ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake, kwa mtu yeyote. "Nakupenda, na sitaki uzeeke mlangoni kwangu ukigonga ubao. Mwanamume anataka nyumba. Tafadhali. Ifungue."

Alikwenda akaleta randa. Alipiga magoti mbele ya kabati, akalivuta kutoka ukutani, akaing'oa droo kwa nyuma. Kazi ilikuwa ndogo. Wote wawili walijua tangu mwanzo kwamba ni ndogo. Maranda ya mbao yalianguka mapajani mwake, na mara mbili alisimama kujifuta uso kwa mkono wa koti. Ndani hamkuwa na kitu ila vumbi na harufu ya dawa za zamani. Aliifuta, akaipaka nta ya mshumaa pembeni, akairudisha. Iliingia bila sauti.

"Ni yako," alimwambia Sahara.

Mtoto alikimbia kuweka humo kigae chake, kitambaa chake, na jino lake lililokuwa limefungwa kwenye karatasi.

Awil alisimama. Alizitazama nyuzi kwenye maua ya Lamu, ngazi, dawati, droo zote moja baada ya nyingine, kama fundi anayekabidhi kazi.

"Mvua ikija, usilisogeze kabati karibu na mlango," alisema.

"Sitalisogeza."

"Haya, abaayo. Kwaheri."

Hakusema qalbi. Barwaqo alisikia gurudumu la mkokoteni likilia njia nzima mpaka dukani kwa Kerrow, kisha likaacha. Alikaa kwenye dawati, akachukua sindano, akakosa tundu mara kadhaa.

"Hooyo," Sahara alimwita mama yake, akifungua droo na kuifunga, akifungua na kuifunga, "fundi atarudi lini?"

Barwaqo alimwambia kweli. Hakuna tena kilichobaki cha kutengeneza.