Kengele ya Moshi Niliyoihamisha kwa Kuona Muhali

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, fundi umeme, mzaliwa wa Bagamoyo, na nimewahi kufungwa jela. Nalitaja hilo mwanzo kabisa asije mtu akadhani kanifichua. Wapo wanaonyamaza nikiingia dukani... wanyamaze tu. Leo nasema kwa kinywa changu, ndugu wasomaji, na sisemi ili mnionee huruma.

Miaka kadhaa iliyopita ilijengwa hoteli ya watalii ufukweni, kati ya Bagamoyo na Dar es Salaam. Kazi pale nilitafutiwa na Shaweji. Huyu Shaweji tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tukaingia jando pamoja, na siku ya harusi yangu ndiye aliyenishika mkono kunipeleka kwa bibi harusi. Pale hotelini alikuwa msimamizi wa vyumba. Mke wangu Zuhura naye akapata kazi chini yake, kwenye chumba cha mashuka.

Hoteli ilikuwa ya makuti juu, ndani dari ya silingi bodi. Kwa kuogopa makuti hayo, wenye hoteli waliagiza kengele za moshi. Labda wengi wenu hamjaziona. Ni kidude cheupe cha mviringo, kadiri ya kifuniko cha sufuria ndogo, nacho kikinusa moshi hupiga kelele hoteli nzima ikasikia. Mzungu aliyekuja nazo alinifundisha mwezi mzima. Moshi hupanda, aliniambia, hugonga dari kisha hutambaa. Basi kengele ikae katikati ya dari, mbali na kona na mbali zaidi na dirisha, maana upepo wa dirishani huufukuza moshi kabla haujaifikia.

Nilizifunga zote kwa mikono yangu. Nilijivuna, sikatai. Bagamoyo nzima, nani mwingine aliijua kazi ile?

Lakini sisi watu wa pwani, shuka halijawa shuka mpaka linukie udi. Shaweji aliileta desturi hiyo hotelini, na wageni wakaipenda mno. Kila alasiri Zuhura na wenzake walitia makaa na udi kwenye chetezo, wakakifunika kwa tenga, na juu ya tenga wakatandaza mashuka yafukizike. Na kila alasiri kengele ikalia! Wageni wakatoka mbio mpaka mchangani, wengine na taulo tu. Meneja akamkaripia Shaweji mbele ya wafanyakazi wote.

Siku hiyo hiyo Shaweji akanijia chumba cha mashuka, ngazi kaibeba mwenyewe begani.

"Mbaraka, kiteremshe hiki kidude. Kiweke pale ukutani, kando ya dirisha."

Nikamwambia pale hakitanusa kitu, ni sawa na kukitoa kabisa.

"Basi na kinyamaze. Ndicho ninachotaka."

Nikamshauri wafukizie nje, kwenye banda la dobi. Akasema mchanga utachafua mashuka. Mwisho nikamwambia aniandikie karatasi, kwamba yeye ndiye aliyeagiza.

Hakukasirika, wasomaji. Angekasirika ningepona. Alinitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake, akasema taratibu, "Mimi na wewe leo tuandikishane? Mimi niliyekuleta hapa?"

Nikaona muhali... Mtu mmekula sinia moja tangu utoto, utamkazia macho kwa kipande cha karatasi? Nikapanda ngazi. Nikafungua skrubu, nikavuta waya, nikaifunga kando ya dirisha. Na hapo ndipo ninapojilaumu mpaka kesho. Wengine hukosa kwa kutojua. Mimi nilijua.

Wiki kadhaa zikapita, raha mustarehe. Udi ukafuka, kengele kimya, meneja anatabasamu. Nyumbani kwangu furaha ilikuwa kubwa zaidi, maana Zuhura alikuwa na mimba ya miezi mitano, mimba yetu ya kwanza baada ya miaka sita ya ndoa.

Alasiri moja wenzake walitoka kupeleka mashuka vyumbani. Yeye mgongo ulimuuma, akajilaza kidogo kwenye stoo ya ndani, ambayo mlango wake mmoja tu, nao unatokea chumba cha mashuka. Kaa likachomoka kwenye chetezo, likaangukia shuka. Moshi ukapanda, ukajaa darini, ukaanza kushuka... Na kengele yangu? Ilikuwa pale dirishani, inapigwa na upepo wa bahari. Haikulia.

Zuhura aliamshwa na kikohozi chake mwenyewe. Alipofungua mlango, chumba chote kilikuwa kinawaka. Alipita humo humo, akiyasukuma mashuka ya moto kwa mikono.

Mimi nilikuwa bustanini natengeneza taa. Nilipofika nilimkuta kalazwa mchangani, kafunikwa khanga ya mtu. Mikono yote miwili ilikuwa imeungua mpaka viwikoni. Tulimfikisha hospitali, lakini mimba ikatoka. Alikuwa mtoto wa kiume.

Siku ya tatu Shaweji akaja hospitali na kikapu cha machungwa. Nilidhani kaja kutupa pole. Akanivuta nje, akaniambia wachunguzi wameikuta kengele dirishani na wanamtafuta aliyeihamisha.

"Mimi sikukuagiza kitu, Mbaraka," akasema, macho makavu. "Na karatasi huna."

Ndiye yule aliyenishika mkono siku ya harusi? Kumbe alikuwa hajamaliza. Akanisogelea, akaniambia kuna njia ya sisi sote kupona. Tuseme Zuhura ndiye aliyeniomba niihamishe, kwa kuwa ilimsumbua kazini, na mimi kama mume nikamridhia. Mwanamke aliyeungua na kupoteza mimba, nani atamfunga?

Nilimrudishia kikapu chake. Nikamwambia aondoke kabla sijafanya jambo la kunipeleka jela kwa haki.

Kisha nikaingia ndani, nikamweleza Zuhura yote. Nikamweleza na lile asilolijua, kwamba siku ile nilipopanda ngazi nilikuwa najua hatari yake. Aligeukia ukutani. Baada ya siku mbili akasema, "Nenda kaseme ukweli. Na lako ulitaje, usimtaje Shaweji peke yake."

Nikaenda kwa wachunguzi, nikasema yote, nikashtakiwa kwa uzembe. Mahakamani Shaweji aliapa kwa Msahafu kwamba hakuniagiza. Mimi nikasema: kengele niliihamisha mimi, aliyeniagiza ni huyu, na mke wangu hakuomba lolote. Hakimu akauliza ushahidi wa hilo agizo. Sikuwa nao. Nikapewa miezi minane, na kazi nikafukuzwa. Shaweji akarudi hotelini kwake.

Ndugu zangu wakaniita mjinga. Wakasema neno moja tu juu ya Zuhura lingenirudisha nyumbani siku ile ile. Ni kweli, lingenirudisha. Lakini ningerudi nyumbani kwa nani?

Nilipotoka, Zuhura alikuwa kwao Lugoba. Nilidandia lori nikashukia pale barabarani, sijui kama nitafunguliwa mlango. Alitoka mwenyewe.

"Hapa wote wananiambia nidai talaka," akasema. "Nawajibu kwamba huyu alikubali kufungwa nisisingiziwe. Lakini kwa mwanangu sijakusamehe, Mbaraka. Siku nikiweza nitakwambia."

Nikamjibu nitangoja. Tukarudi Bagamoyo pamoja, mji ule ule na mtaa ule ule, na nikafungua karakana yangu wazi kabisa. Wanaoniita mfungwa hupita hapo kila siku, na taa zao zikizimika huniita mimi.

Mwaka jana Shaweji alijaaliwa safari ya Makka. Kama ilivyo kwetu, anayekwenda hija hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Akaja kwangu na kanzu nyeupe, wazee wawili nyuma yake.

"Ndugu yangu, kama kuna mahali nimekukosea, nisamehe."

Nikamuuliza, "Kama?"

Nikamwambia radhi yangu ataipata, ila kwanza aseme hapo hapo, mbele ya wazee na mbele ya Zuhura, ni nani aliyeniagiza kuihamisha kengele, na ni nani aliyetaka tumsingizie mgonjwa. Wazee wakanisihi nisimwaibishe msafiri. Zuhura alikuwa kasimama mlangoni. Shaweji akasema mambo hayo yamekwisha pita.

"Basi nenda hivyo hivyo," nikamwambia.

Akaenda bila radhi yangu. Mtaani wanasema nina roho ngumu. Ndiyo, ni ngumu, na ingekuwa ngumu hivi siku ile ya ngazi, leo ningekuwa na mtoto anayesoma.

Mafundi wenzangu, na nyote mnaosoma, nawaomba. Ukiambiwa ukifunge kitu mahali unapojua kitaua, kataa, hata kama anayekwambia ni ndugu wa kunyonya ziwa moja. Usimwonee muhali. Atanuna, na mwache anune, atachoka. Mikono ya mke wangu haikunjiki tena vidole. Mpaka leo, kila asubuhi, namfunga vifungo mimi.